Nimeenda kuomba kazi ya kufundisha somo la akili mnemba (AI), nikasahihishwa na akili mnemba

Mwalimu_Mkavu
Wakuu, naandika tai ikiwa bado shingoni. Sijala, sijavua viatu, vidole vinatetemeka. Mkiona makosa ya herufi nisameheni.

Yule bwana mnamjua. Jina sitaji, mnamjua. Yule wa miwani ya kuning'inia kifuani, anayesema "kimsingi" kabla ya kila kitu, hata kabla ya kupiga chafya. Leo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo la usaili.

Kazi ni ya mhadhiri wa somo la matumizi yenye uwajibikaji ya akili mnemba katika huduma za afya. Tangazo lilitaka daktari wa tiba, mwenye uzamivu wa kompyuta, anayejua sheria, na uzoefu wa miaka 10. Mtu huyo hajazaliwa, na siku akizaliwa hatakubali mkataba wa kulipwa kwa saa. Nikaenda hivyohivyo. Nina miaka 6 wodini, shahada ya pili ya takwimu za afya, na roho ngumu.

Somo la majaribio dakika 20. Niko dakika ya 12, nimenoga, naeleza ule mfano wa nimonia wa Marekani. Kompyuta ilifunzwa kutabiri nani yuko hatarini kufa kwa nimonia, ikaja na jibu kwamba mwenye pumu yuko salama zaidi. Salama! Kumbe kwenye zile data wenye pumu walikuwa wakikimbizwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, wanalelewa kama yai, ndiyo maana walipona. Mashine haikujua habari ya kukimbizwa, yenyewe iliona kupona tu. Ukiifuata, mwenye pumu unamrudisha nyumbani na panadoli. Mama mmoja wa jopo alikuwa ameshaweka kalamu chini, ananisikiliza kweli.

Hapo ndipo yule bwana akageuza laptopu yake.

Muda wote nilimwona anaandika, nikajipongeza kimoyomoyo, mzee anachukua noti. Noti gani! Alikuwa amepachika slaidi zangu na sivii yangu kwenye programu ya kuchati, akaiuliza: "Je, huyu anafaa?" Akanigeuzia kioo, jopo zima linatazama, akatabasamu: "Kimsingi, hata yenyewe imekukataa."

HATA. YENYEWE. IMEKUKATAA.

Alama 41 kwa 100. Chini yake mstari: "Mwombaji haonyeshi uzoefu wowote wa wodini." Miaka sita! Sivii yangu ina kurasa 3, yeye alipachika ukurasa wa kwanza tu. Na slaidi yangu ya pili, wakuu, YA PILI, ni ile miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2021, kanuni 6, na ya kwanza kabisa inasema uamuzi ubaki mikononi mwa binadamu. Ilikuwa ukutani, ina rangi ya bluu, herufi kubwa kama za bango la msiba. Yeye anaitazama huku anageuza laptopu.

Hata yenyewe. Kama vile nimekataliwa posa.

Kisiki_Kikavu
Pole mkuu. Ila nimeona ile tai kwenye picha yako ya wasifu. 41 ni huruma.

Nesi_wa_Usiku
Huyo bwana namjua, "kimsingi" yake nimeisikia semina tatu. Kuna siku alitueleza akili mnemba itaondoa makosa yote hospitalini, halafu projekta ikamshinda kuwasha dakika 25.

Gwiji_wa_Lugha
Kabla hatujaendelea, neno sahihi ni akili unde.

Mwalimu_Mkavu
Kaka, niite mnemba, unde, bandia, chochote. MIMI NIMEGEUZIWA LAPTOPU.

Gwiji_wa_Lugha
Ndiyo maana umepewa 41.

Mpika_Data
Mwenye uzi hajasema kinachochekesha zaidi. Kuna utafiti wa 2019 wa Marekani kuhusu programu iliyokuwa inachagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Haikupima ugonjwa, ilipima gharama za matibabu. Mgonjwa mweusi ambaye matibabu yake hayakutumia pesa nyingi akaonekana mzima wakati yuko hoi. Walipokokotoa upya kwa ugonjwa wenyewe, weusi kati ya waliochaguliwa kusaidiwa wakapanda kutoka 17.7% hadi 46.5%. Sasa na wewe umepimwa kwa ukurasa mmoja wa sivii. Umekuwa mfano wa darasani, dai haki zako kwenye slaidi.

Mwalimu_Mkavu
Huo mfano ulikuwa slaidi ya 9! Sikufika slaidi ya 9! Alinigeuzia laptopu nikiwa ya 7!

Wakili_Benchi
Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, ya 2024, inaweka mitambo ya kuchuja waomba kazi kwenye kundi la hatari kubwa. Ungekuwa huko ungekuwa na pa kushika.

Kisiki_Kikavu
Hayuko huko. Yuko hapa na tai.

Nesi_wa_Usiku
Nyie mnalia na laptopu iliyogeuzwa mara moja. Sisi walitufungia mtambo wa kubashiri sepsisi, ile hali ya mwili kujidhuru wenyewe ukipambana na maambukizi. Unalia. Mgonjwa akikohoa, unalia. Mgonjwa amelala fofofo anakoroma, unalia. Usiku mmoja nimekimbilia kitanda kimoja mara nne, ya nne mgonjwa kaniuliza kama nina shida nyumbani. Na si kwetu tu, mwaka 2021 watafiti wa Michigan waliupima mtambo mmoja wa aina hiyo unaotumika sana, ukawakosa 67% ya wenye sepsisi, na bado ulipiga kengele kwa 18% ya wote waliolazwa. Unapiga kelele kwa wazima, wanaoumwa unawanyamazia.

Mpika_Data
Kama shemeji yangu.

Mwalimu_Mkavu
Dada pole, na hiyo ilikuwa slaidi ya 11. Lakini turudi kwenye mada, alinitazama usoni akasema hata yen

Chaki_Mkononi
Bora wewe umekosa kazi. Mimi niliipata, somo kama hilohilo, kwa saa. Kusahihisha hakulipwi. Nina insha 140 za uwajibikaji, 90 zinaanza "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Moja ilikuwa na mstari katikati ulioachwa na programu ya kuchati: "Kama modeli ya lugha, siwezi kutoa maoni binafsi." Nikamwita mwenyewe. Akaniambia, "Mwalimu, huo ndio uwazi uliotufundisha."

Nesi_wa_Usiku
Huyo mpe alama zote.

Chaki_Mkononi
Nilimpa 41.

Mwalimu_Mkavu
Sijapenda.

Kisiki_Kikavu
Nimepachika uzi wote kwenye programu nikauliza nani ana makosa. Imesema pande zote mbili zina hoja, na Gwiji_wa_Lugha atafute marafiki.

Gwiji_wa_Lugha
Inaitwa roboti ya mazungumzo, siyo programu.

Nesi_wa_Usiku
Halafu huo mtambo wa sepsisi kuuzima kelele mpaka uingize nywila. Nywila inabadilishwa kila mwezi, herufi kubwa, tarakimu, alama, na isifanane na 12 zilizopita. Mgonjwa anabadilika rangi, mimi natafuta alama ya reli.

Chaki_Mkononi
Nywila! Usinikumbushe. Mfumo wa kupandisha matokeo ukikosea mara tatu unakufungia, na wa kukufungulia ni mmoja, yuko likizo tangu nimjue.

Mpika_Data
Sisi tunaandika kwenye karatasi tunabandika chini ya kibodi. Wakaguzi wakija tunainua kikombe cha chai juu yake.

Wakili_Benchi
Hilo usiliandike hadharani.

Mwalimu_Mkavu
Wodini kwetu ilikuwa kila siku 30, nikaishia kutumia jina la mbwa na tarehe. Lakini jamani, yule bwana ali

Nesi_wa_Usiku
Siku 30 nzima? Mlikuwa na bahati. Mbwa anaitwa nani?