Kumkumbuka Greg Stafford tarehe 10 Oktoba: tucheze gemu lipi, na dadu hatuna?

Kreta_Menengai (Nakuru)

Wadau, salaam. Tuko watu sita hapa Nakuru. Greg Stafford, mtunzi wa gemu za kuigiza wahusika, alifariki tarehe 10 Oktoba 2018, na kwa vile siku hiyo kwetu ni Mazingira Day na wengi hawako kazini, tunataka kumkumbuka kwa kucheza, bila hotuba. Tuna masaa manne. Wawili wamezoea Dungeons & Dragons, gemu jingine la aina hiyo; waliobaki hawajawahi kushika karatasi ya mhusika. RuneQuest, Call of Cthulhu na Pendragon zote ni zake, tuchague ipi? Dadu tulizo nazo ni za ludo tu. Na tukichagua Pendragon, lazima hadithi iwe ya Mfalme Arthur, ama inaweza kuhamia huku kwetu?

GM_wa_Dunga (Kisumu)

Hapo kwa "zote ni zake" ngoja kwanza. Siku ya kumkumbuka mtu si siku ya kumvisha kanzu za wenzake. Call of Cthulhu ya 1981 ni kazi ya Sandy Petersen. Kanuni za RuneQuest, 1978, ziliandikwa na Steve Perrin na wenzake; cha Stafford humo ni ulimwengu wenyewe, Glorantha, aliouanza mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo, miaka minane kabla ya Dungeons & Dragons kutoka. Kampuni ya Chaosium aliianzisha 1975 ili achapishe White Bear and Red Moon, ambao ni mchezo wa vita wa ubao, wala si wa kuigiza wahusika. Pendragon ya 1985 ndiyo yake mwenyewe, na aliihesabu kuwa kazi yake bora kuliko zote. Chezeni hiyo.

Tena inawafaa kwa sababu ya dadu: inataka ya pande 20 na za ludo, basi. Ya pande 20 mtajitengenezea. Chukua vizibo kumi vya soda, andika 0 hadi 9 kwa ndani kwa maka pen, tia kwenye mfuko wa kitambaa. Tafuta na sarafu mpya ya shilingi kumi. Chomoa kizibo kimoja (0 ihesabiwe 10), rusha sarafu. Simba akitokea ongeza 10. Hapo una 1 hadi 20 bila upendeleo. Vizibo vyote viwe vya aina moja na visiwe vimepindwa na opena, la sivyo vidole vitavijua kabla ya macho. Na kizibo kirudi mfukoni kabla ya mtu wa pili kuchomoa. Msiporudisha, wa pili hawezi kupata tarakimu ya wa kwanza, na hesabu yote ya mapambano inaharibika.

Mlinzi_wa_Thimlich (Migori)

Naongezea jinsi inavyochezwa, nikifuata toleo la tano la Pendragon.

Ukiwa na ustadi wa Upanga 15, ukipata 15 au chini umefaulu. Wawili wakipambana, kila mmoja anachomoa namba yake, kisha mnazilinganisha. Kati ya waliofaulu, mwenye namba kubwa ndiye anayepiga. Aliyefaulu kwa namba ndogo anapigwa, lakini ngao yake inamkinga alama 6. Ukipata namba iliyo sawasawa na ustadi wako, hilo ni pigo kuu na madhara yanarudufiwa. Ukipata 20 na ustadi wako haufiki 20, umeboronga, pengine silaha imekudondoka.

Wale wawili wa D&D ndio mtakaowafundisha upya. Watataka kuua na kupekua maiti, na hapa hakuna faida hiyo. Moyo wa gemu ni jozi 13 za tabia, kila jozi ikijumlisha 20: Huruma 12 basi Ukatili 8, Ushujaa 15 basi Woga 5. Tabia ikifika 16, mhusika amejulikana kwayo, na mwongoza mchezo anaweza kumlazimisha aijaribu. Akifaulu, anatenda kwa tabia hiyo, mchezaji apende asipende. Akishindwa, anaijaribu ile ya upande wa pili. Akishindwa hiyo pia, sasa mchezaji anajiamulia. Kosa la waongoza mchezo wapya ni kudai jaribio kila dakika, hadi wachezaji wanakuwa vikaragosi. Tumia pale tu uamuzi unapouma.

Mgao wa muda: dakika 40 za kutengeneza wahusika, masaa mawili na nusu ya kisa, na zinazobaki ni za majira ya baridi. Hizo msizile hata kidogo. Kikao kimoja ni mwaka mmoja, na mwaka hufungwa hivi: kila ustadi uliotiwa alama unachomolewa namba, ikizidi kiwango cha sasa unaongezeka 1, kisha shamba, ndoa, watoto, na kwa aliyefika miaka 35, uzee. Mhusika akifa mrithi anachukua karatasi. Mkiiruka sehemu hii mmecheza gemu la mapanga kama mengine, na Stafford mmemwacha nje ya mlango.

Kreta_Menengai (Nakuru)

Asanteni sana. Na kuhusu kuhamishia huku? Mmoja wetu anataka kuwa Lwanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo.

GM_wa_Dunga (Kisumu)

Kama mfano wa kufundishia, hakuna bora kuliko yeye. Mpe Kuamini 17, Kushuku 3. Mkewe anamwuliza siri ya nguvu zake: namba 1 hadi 17, anamwambia kuwa siri iko kwenye kivuli chake. Zikitoka 18 hadi 20, anajaribu Kushuku, na hiyo 3 si ya kutegemea. Lakini kama mhusika wa mchezaji, hapana. Meza nzima inajua mwisho wake. Chezeni jamaa zake wa Kano, yeye awe mtu mkubwa anayetajwa na kuonekana kwa mbali, kama Arthur alivyo kwenye kitabu.

Mkihamishia huku, angalieni hesabu ya silaha na mavazi ya vita tu. Mhusika mwenye Ukubwa 14 na Nguvu 12: jumla 26, gawa kwa 6, anapiga dadu 4 za ludo, wastani 14. Vazi la chuma la alama 10 linaacha 4 zipite. Uhai ni Ukubwa na Siha, tuseme 27, kwa hivyo anastahimili mapigo kadhaa. Mkimvua chuma mkampa ngozi ya alama 4, zinapita 10 kila pigo, na la tatu linammaliza. Punguzeni dadu moja ya madhara kwa kila mtu, na ngao ya ngozi ya nyati ibaki na 6 zake.

Msimulizi_Kakamega

Nakubaliana kuhusu Pendragon kwa siku moja, ila RuneQuest msiitupe. Watu wa Sartar, ndani ya Glorantha, wanahesabu utajiri kwa ng'ombe, na ukoo kuvamia ukoo mwingine kuchukua mifugo ni jambo la kawaida. Mchezaji wa huku haelezwi hilo mara mbili. Vizibo vile vile vinatosha kwa namba zake za 1 hadi 100: chomoa mara mbili ukirudisha, cha kwanza makumi, cha pili mamoja, 00 ni 100. Kanuni fupi za kuanzia Chaosium wanazitoa bure kwenye tovuti yao. Asiye na kikundi atafute King of Dragon Pass, gemu la 1999 ambalo Stafford alishiriki kulitengeneza. Lipo la simu. Onyo moja: ukivamia majirani kila msimu utapata ng'ombe mwaka wa kwanza, halafu uhasama unakurudia wakati mashujaa wako wamelala na majeraha.