Nzi wakipandana, nani anamwingilia nani?

MchoraWadudu:
Wakuu, naombeni msaada. Jana nilikuta nzi wa nyumbani wawili wamepandana kwenye kioo cha dirisha, nikachukua lenzi nikaanza kuchora. Dume alikuwa juu, hilo sawa. Lakini kila nilipotazama nyuma niliona mrija laini wa jike umeinuka na kuzama kwenye tumbo la dume, si kinyume chake! Nimefuta mchoro mara tatu. Walishikana hivyo karibu saa nzima. Macho yananidanganya?

Hadubini:
Mkuu, usifute tena, umeona sawasawa. Nzi jike wa nyumbani hunyoosha mrija wake wa kutagia mayai na kuuingiza kwenye tundu la uzazi la dume. Humo ndani ndimo uume unapokutana na njia ya jike. Jike asipounyoosha, dume atakaa mgongoni bure. Mbegu huenda kwenye vifuko vitatu vidogo, na kwa kawaida jike hapandwi tena; akiba hiyo ndiyo inayorutubisha mayai yake, fungu baada ya fungu.

MfugajiNzi:
Ila usichore nzi wote hivyo. Mimi nafuga nzi wa matunda kwenye chupa. Kwao, jike akimtolea dume mrija ule, amemkataa. Hufanya hivyo hasa akishapandwa, maana majimaji ya dume yana protini inayomwondolea hamu na kumsukuma kutaga. Na wenyewe hupandana kwa dakika kama 20 tu.

MchoraWadudu:
Ahsanteni sana, mchoro wa nne nauacha. Lingine: nilipasua dume aliyekufa, nikakuta mfereji wa mbegu umeuzunguka utumbo. Nimeuvuruga mimi, au ndivyo ulivyo?

Hadubini:
Ndivyo ulivyo, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Dume akiwa bado pupa, yaani hatua ya kati ya buu na nzi kamili, ncha ya tumbo lake, pamoja na viungo vya uzazi, huzunguka nyuzi 360. Inarudi pale pale ilipoanzia, kwa hiyo kwa nje huoni kitu. Mfereji pekee ndio unaobaki umeuviringa utumbo. Mbu dume huzunguka nyuzi 180, tena baada ya kutoka kwenye pupa, na kabla ya hapo hawezi kupanda. Ukipasua mwingine, fungulia mgongoni, polepole, usiguse utumbo mpaka umeuchora mzunguko wote.