Mchoraji wa Kigoma nataka nijulikane kwa kazi yangu, ni lazima nihamie Dar?

MkonoWaMwanga:
Wakuu habari zenu, wana Kigoma wenzangu mwakeye. Naomba ushauri wa dhati kwa waliopo kwenye uchoraji maana mi nimefika sehemu sioni njia.

Nina miaka 27, naishi Mwanga hapahapa Kigoma. Nilivyomaliza form four nikaenda kukaa kwa mzee mmoja fundi mabango kule Ujiji, yule mzee ndo kanifundisha kushika brashi, kuandika herufi kwa mkono bila rula, kuchora vichwa kwenye saluni, ng'ombe kwenye bucha, majina ya mitumbwi. Nikakaa nae miaka minne halafu nikajitegemea. Sa hivi mabango ya kuprinti yametuua kabisa, mtu anapeleka flashi asubuhi mchana anatundika bango, kwahiyo nikaingia kwenye kuchora sura za watu kwa penseli, A3 nachukua elfu 25, na kanvasi nawauzia wageni wakipita. Nachora kila kitu kwa kweli, simba, tembo, Mmasai karuka juu, mlima Kilimanjaro, wachezaji mpira, chochote ninachoona kinauzwa mtandaoni na mimi nachora. Instagram nina wafuasi 340 na karibu wote nilisoma nao.

Kuna kitu kiliniuma mpaka leo. Mwaka jana nyumba moja ya wageni ilinunua picha yangu ya ziwa usiku kwa elfu 80, nikafurahi sana. Baada ya miezi mitatu napita pale nakuta picha ileile wameiprinti kwenye fulana, zinauzwa mapokezi elfu 20 moja, jina langu hamna popote. Kuuliza naambiwa "si ulishauza".

Maswali yangu: nihamie Dar? Nifanyeje watu wakitaja mchoraji fulani wanijue mimi? Na hilo la fulana bado lina dawa au nimeshapoteza? Nawasilisha.

Kariakoo_Moja:
Hamia Dar mkuu usipoteze muda. Huku ndo kuna balozi, hoteli kubwa, watu wenye pesa za kununua picha. Kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni wapo tangu 2008, kuna studio za wachoraji, maonyesho, mafunzo, unakaa karibu na wenzako mnaambiana michongo. Ukiwa Kigoma nani atakuona? Kipaji bila kuonekana ni sawa na hamna.

Katonga_Original:
Mdogo wangu MkonoWaMwanga, mi nimezaliwa Katonga na Dar nina miaka 14 nachora, ngoja nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Kariakoo_Moja hajakosea kuhusu Nafasi, ukipata nafasi ya kwenda kufanya mafunzo pale nenda, lakini kwenda kujifunza ni kitu kimoja na kuhama bila kuwa na kitu chako mkononi ni kitu kingine.

Mi nilihama hivyohivyo kama ulivyo wewe sasa, mkono upo ila sina changu. Nikaangukia kwenye duka la mtu nikawa nachora Tingatinga kwa kuhesabiwa vipande, miaka sita, na saini sikuruhusiwa kuweka. Miaka sita nachora na hakuna mtu hata mmoja anayenijua. Sasa mwangalie mwenyewe Edward Saidi Tingatinga, alitoka Tunduru, kaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akafariki 1972 kwa risasi. Ni miaka minne tu jamani! Jina limebaki mpaka leo kwa sababu alichora alivyoona yeye. Sisi tuliokuja nyuma tukachukua mtindo wake, ukitundika picha zetu arobaini ukutani mteja hawezi kujua ipi ya nani, anachagua inayoendana na kochi lake halafu anaanza kupunguza bei, na hata kama anapunguza huna la kumwambia maana ya jirani ni ileile.

Halafu angalia Sungi Mlengeya, dada wa Kitanzania huyu, alikuwa mfanyakazi wa benki akaacha 2018 akachora moja kwa moja, na uchoraji hakuusomea. Wanawake weusi, nguo nyeupe na nyuma nyeupe tupu, basi. Ukikutana na picha yake popote unajua ni ya nani kabla hujasoma jina. Hiyo ndo brandi. Watu wanadhani brandi ni logo na kadi, logo utaweka baadae.

Sasa rudi kwenye posti yako usome tena. Umetaja simba, tembo, Mmasai, Kilimanjaro. Wewe Kilimanjaro umeiona lini? Halafu picha iliyonunuliwa na ikaonekana inafaa mpaka kuibiwa ni ipi? Ziwa usiku. Hujajiuliza kwa nini hawakuprinti simba wako?

Mi nikifumba macho sasa hivi naiona. Zile siku za giza mwezi haupo, taa za wavuvi wa dagaa zimepangana mbali huko mpaka mgeni anadhani kuna mji ng'ambo, halafu mwezi ukikomaa ziwa linakuwa tupu maana dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi. Asubuhi dagaa wamemwagwa kwenye mchanga wanang'aa kama shilingi mpya, kina mama wanawageuza, ikifika saa sita ule mng'ao umeshaondoka wamekuwa rangi ya majivu. Mchoraji wa Mikocheni hajawahi kuamka pale, atachoraje? Wewe unajua saa ngapi rangi inabadilika.

Kitu cha pili ambacho umekipita haraka ni herufi. Huyo mzee wa Ujiji kakupa urithi. Majina ya mitumbwi yanavyoandikwa kwa mkono, ule mkunjo wa S, kivuli chekundu chini ya herufi ya njano, hicho kipo mkononi mwako na mashine ya kuprinti haina. Ningekuwa wewe ningechukua mbao za mtumbwi uliokufa nikachora ziwa juu yake na herufi za jina zikibaki zinaonekana. Chora picha kumi mpaka kumi na mbili za jambo moja, usichanganye na simba hata mmoja, ndo uanze kuonyesha watu.

Na Liemba ipo hapo, meli iliyoundwa Ujerumani 1913 ikaletwa kwa vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Kila mgeni anaipiga picha. Wewe mchore yule mama aliyekuwa anapanda nayo na magunia yake ya mihogo, hapo una kitu.

Kariakoo_Moja:
Bro nimekuelewa, hilo la herufi sikuliona. Ila bado nasema wateja wako Dar.

Katonga_Original:
Wateja wa hifadhi ya Gombe wanapandia boti Kibirizi ndugu yangu, wengine wanalala Kigoma kabla na baada. Anayekwenda kuangalia sokwe katoka mbali na anataka kurudi na kitu cha Kigoma. Dogo anza na hao, waongoza watalii na wenye boti wawe na kadi yako yenye namba, na picha mbili tatu kwenye simu zao.

MamaZai_Tabora:
Mwangaluka kutoka Tabora. Mwanangu nimesoma yote, hao kaka zako wamekupa kichwa cha habari ila mkono wa pesa hawajaugusa, na wasanii wengi wanakufia hapo. Mi nachora na kupamba kumbi hapa Ng'ambo mwaka wa tisa.

La kwanza nunua daftari gumu. Kila picha ina namba yake, jina, urefu na upana kwa sentimita, umetumia nini, umemaliza lini, kanunua nani, shilingi ngapi. Nyuma ya picha andika namba hiyohiyo na saini. Mbele saini yako iwe moja tu siku zote, sio leo jina la kanisani kesho la mtaani. Nilikuja kuulizwa na mtu "ile ya 2019 ilikuwa bei gani, nataka nyingine kama ile" nikakosa jibu maana sikuandika.

Bei nayo usitaje kwa kumwangalia mtu usoni. Nilimuuzia mama mmoja laki, mwingine nikamtajia laki mbili kwa picha ya ukubwa uleule, kumbe mawifi, aibu niliyopata siwezi kusahau na wote wawili nikawapoteza. Tangu hapo napiga kwa ukubwa, urefu mara upana kwa sentimita mara shilingi 25. Picha ya 50 kwa 70 ni 87,500. Angalia kama inarudisha kanvasi, rangi, mbao na siku zako, isiporudisha pandisha hiyo 25 iwe 30, lakini iwe hiyohiyo kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Ya kuagizwa chukua nusu kwanza kabla brashi haijalowa. Kwa sura zako za elfu 25 hesabu siku ulizokaa, naona unajiumiza mwanangu.

Na picha za simu jamani. Nimeingia Instagram nikaangalia wachoraji wa huku kwetu, kazi nzuri imepigwa usiku chini ya taa ya njano, kona moja imekatika na kandambili zinaonekana. Toa picha nje asubuhi kwenye kivuli, sio juani, iegemeze ukutani, simu iwe katikati sawasawa na picha, flashi zima. Piga nzima, piga ya karibu brashi ionekane, na moja umeishika wewe mwenyewe mtu aone ukubwa na aone sura yako. Mtu ananunua na wewe pia. Chini yake usiandike "art is life", andika ni wapi, ni saa ngapi, ni nani yule. WhatsApp ya biashara ina katalogi, ziweke huko na bei. Wateja wangu wengi wametoka kwenye status.

Sheria_Kitaa:
Kwenye fulana hujapoteza mkuu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda michoro kuanzia unapoichora, na ulinzi ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuuza kanvasi sio kuuza haki ya kuizalisha. Yule aliyenunua ana haki ya kuitundika, kuiuza, kumpa mkwewe, ila kuprinti fulana bila makubaliano na wewe hapana.

Usianze na ugomvi. Kusanya ushahidi kwanza, picha ya fulana na bei yake, nunua moja kabisa udai risiti, tafuta picha ulizopiga ukiwa unachora maana simu inahifadhi tarehe, michoro ya awali ya penseli usiitupe. Halafu andika barua ya heshima, wape mambo mawili wachague, wakulipe kiasi kwa kila fulana na jina lako liandikwe, au waache kuuza. Wakikataa nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na hata wasipokataa sajili kazi zako huko. BASATA, baraza la sanaa la taifa, nako jisajili kama msanii, kuna maonyesho na tenda wanauliza hicho cheti kabla ya kukusikiliza.

Kuanzia leo kwenye risiti andika sentensi moja: "Umenunua mchoro huu, haki ya kuunakili na kuuchapa inabaki kwa mchoraji." Mnunuzi asaini, wewe ubaki na kopi.

MkonoWaMwanga:
Aisee nimesoma mara tatu. Kaka Katonga umenigusa kwenye Kilimanjaro, ni kweli sijawahi kuiona hata siku moja, nimekuwa nakopi picha za watu. Mzee wangu wa Ujiji bado yupo hai, macho tu ndo yamepungua, kesho naenda kumuomba anifundishe ule mkunjo wa S wa zamani anaoufanya yeye maana mi wangu bado haujafika. Na kuna mtumbwi umeoza kwa baba mdogo Kibirizi nitaomba zile mbao.

Barua nitaandika wiki hii, fulana moja nimeshamtuma dada akanunue.

Swali moja limebaki, nikipata mteja wa mbali kanvasi inasafirije? Niliwahi kutuma moja kwa basi na fremu yake ikafika imetoboka.

Katonga_Original:
Usitume na fremu. Ing'oe, subiri rangi ikauke kabisa, tandika karatasi ya kuokea keki juu ya rangi halafu uiviringishe rangi ikiwa upande wa NJE, ikiviringishwa kwa ndani rangi inajibana inapasuka. Izungushie kwenye bomba la plastiki la inchi 4, usitumie jembamba, kisha nailoni, kisha boksi, ziba ncha zote mbili. Fremu atapigiliwa hukohuko na seremala. Zile za mbao za mtumbwi haziviringishiki, hizo ziwe za wanaokuja Kigoma.

MamaZai_Tabora:
Mwanangu mi nataka moja ya sebuleni. Kina mama wanageuza dagaa, asubuhi kabla mng'ao haujaondoka, 60 kwa 80. Nitajie bei tuone kama umesikia.

MkonoWaMwanga:
Shikamoo mama. 60 mara 80 ni 4,800, mara 25 inakuja 120,000. Nusu elfu 60 naomba kwanza, nyingine ukiipokea, nauli ya basi mpaka Tabora juu yako. Na risiti itakuwa na ile sentensi.

MamaZai_Tabora:
Marahaba. Nitumie namba yako inbox nikutumie hiyo elfu 60 jioni.