Tupeane uzoefu: mliowahi kufanya kazi kwenye muvi ya vichekesho Tanga, nyuma ya kamera kulikuwaje?

Mshika Bumu
Wakuu salaam. Juzi natoka Dar narudi nyumbani, tumeshapita Segera, konda akachomeka flash akaweka muvi ya Kibongo ya kitambo, vichekesho. Mimi nasinzia zangu. Nikasikia sauti naijua, kufungua macho na sebule naijua, kochi la maua, feni ya kusimama, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ukutani. Nyumba ya Chumbageni hiyo, tulipiga kambi humo mpaka mwenye nyumba akawa anatuita wanangu. Basi zima linacheka, kuna mama nyuma yangu anapiga siti kwa kiganja, mimi kimya. Ile sini anayochekea yule mama tuliirekodi usiku wa manane watu hawajala, steringi na dairekta wamenuniana hawasemeshani, maelekezo yanapitia kwa kijana wa meki-ap. "Mwambie aingie upande wa kulia." "Mwambie nimesikia." Na ukitazama vizuri juu ya kabati kuna kivuli cha kijiti kinapita ukutani, hicho ni cha maiki yangu, ndiyo bumu lenyewe. Nilisema turudie, dairekta akasema acha, mtu akicheka haangalii ukuta. Na kweli, humo kwenye basi hakuna aliyeona.

Watu wanawajua waigizaji tu. Sisi wa sauti Tanga tuna yetu. Nenda Raskazone kusi ikianza kuvuma, maiki inarekodi upepo mtupu, ile kofia ya manyoya ya kuzuia upepo hatuna, tukaivika soksi. Ukihamia Ngamiani kuna adhana, majogoo, muuza kahawa anagonga vikombe, na lazima atokee mtoto wa kuuliza "mnarekodi?" katikati ya maneno. Halafu vichekesho ni vigumu kuliko muvi za mapenzi, kikosi chenyewe ndiyo kinacheka kinaharibu teki. Tulikuwa na kijana wa taa, ikifika sini yenyewe tunamtoa nje kabisa tunamfungia geti.

Haya, waliokuwa kazini mwageni. Mashabiki kaeni pembeni msome.

Binti Makorora
Soksi hahahaa, kumbe na nyie! Ya kwetu ilikuwa soksi ya shule, nyeupe.

Mama Masufuria
Mimi sikuigiza wala nini, nilikuwa jikoni, na jikoni ndiko unakojua muvi itaisha au haiishi. Wakaja wakaniambia mama kuna sini ya harusi tunataka pilau la kweli, siyo la kuigiza. Nikapika, sufuria kubwa mbili, nyama ya kweli, kachumbari, ndizi mbivu. Wale ekstra waliowaokota mtaani wamekaa kwenye jamvi tangu asubuhi hata chai hawajapewa, unategemea nini? Dairekta anasema "aksheni" wale bado wanajifunga kanga na kurekebisha kofia, anasema "kata" sinia jeupe. Turudie, anasema. Turudie na nini?

Nikapakua la pili. Sasa yule mchekeshaji wao kwenye skripti anatakiwa ale kwa pupa mpaka apaliwe. Teki ya kwanza kacheka, ya pili mtu wa sauti kasema kuna pikipiki, ya tatu kamera imeishiwa chaji. Kila teki anakula, maana wanasema tonge lifanane na la mwanzo. Mwisho machozi yanamtoka, mafuta ya pilau yamemganda kwenye ndevu, ananitazama mimi huku dirishani, mdomo hautaki kufunguka. Wakamwambia hapo hapo, hiyo ndiyo tunayoitaka. Ukiitazama leo watu wanasema jamaa anajua kuigiza. Yule alikuwa anaomba msaada, mwaya.

Hela yangu nilipewa ya mchele tu. Ya mikono yangu mpaka leo ni "mama usijali, sisi ni familia". Na masufuria walisema wanayaazima ya sini ya kesho.

Mwanachuo Bwagamoyo
Matatizo yote haya ni kwa sababu mnaokota watu barabarani mnawaita kikosi. Mtu wa kutunza mfuatano wa picha yuko wapi? Tonge, shati, saa ya ukutani, ile ni kazi ya mtu mmoja na daftari lake. Sisi Bagamoyo chuo cha sanaa kipo tangu 1981, 2007 kikawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, mtu anakaa darasani anajifunza kusimama, kupumua, kutoa sauti. Huku Tanga mnarekodi kama mnavua pweza, maji yakitoka mnaingia yakijaa mnatoka.

Kijiti cha Mkonge
Na wewe na darasa lako. Bagamoyo mnajifunza kupumua miaka yote hiyo, wa kutuvunja mbavu wametoka wapi? Mzee Majuto alitoka Tanga hapa hapa. Sharo Milionea Muheza. Hebu taja wako.

Mwanachuo Bwagamoyo
Sijasema hawana vipaji. Soma nilichoandika.

Kijiti cha Mkonge
Nimesoma, umesema pweza.

Marehemu wa Ngamiani
Acheni hayo ya pweza. Mimi nilikuwa maiti.

Skripti ilikuwa ya jamaa anayejifanya amekufa kukwepa madeni, na aliyepewa umaiti ni mimi kwa sababu mwembamba, wabebaji walisema hawataki mtu mzito. Dairekta alishaongea na mwenyekiti wa mtaa, barua anayo, wenyeji wa pale wanajua kuna muvi. Mpango ni jeneza litoke uani, lipite barabara moja, kona, kata, basi. Kamera iko nyuma kwenye bajaji. Jeneza lenyewe si la boksi, ni lile letu la kitanda, limeazimwa (sitasema wapi), mimi nimelazwa nimefunikwa shuka mpaka usoni, pamba puani za kweli maana meki-ap alikuwa anajituma kupita kiasi.

Tukatoka. Wabebaji ni wenzangu, nawajua kwa sauti. Tukapiga kona vizuri. Sasa kule tulikoingia mtaa mwingine, mwenyekiti mwingine, hawana habari ya muvi wala barua, na ndiyo watu wanatoka kuswali alasiri. Nyie mnajua desturi, jeneza likipita hata kama humjui marehemu unaliwahi unaweka bega hatua mbili tatu upate thawabu. Nikaanza kusikia "nipishe na mimi", "sogea kijana", bega linatoka bega linaingia, sauti za wenzangu zinapotea moja moja. Wale waliojaribu kusema jamani hii ni muvi, nani atasikia, watu wanapandisha laa ilaha illallah. Na ile bajaji yenye kamera imekwama nyuma ya umati, watu wakadhani ndugu wanarekodi wawatumie jamaa zao Muscat.

Mimi chini ya shuka nasikia wawili wanaongea karibu na sikio langu.
"Nani huyu?"
"Simjui, ila alikuwa mtu wa watu, tazama walivyojaa."
Wallahi nilisikia vizuri kidogo.

Halafu jeneza likaongeza mwendo, sisi maiti hatucheleweshwi. Nikajua hapa kona yetu tumeshaiacha mbali. Nikawaza niinuke. Nikiinuka juu ya mabega wataniachia, nianguke nivunjike, na kuna wazee humu watakufa kwa mshtuko iwe misiba ya kweli mitatu. Nisipoinuka naswaliwa. Pamba puani, jasho linaingia machoni, siwezi kupangusa, na kuna nzi ametua kwenye dole gumba la mguu.

Wakanitua nje ya msikiti. Kimya. Nasikia watu wanajipanga safu. Shekhe akauliza, msimamizi wa marehemu ni nani? Hakuna anayejibu. Akarudia. Ndiyo nasikia mtu anakuja anahema, ndala zinaburuza, ni dairekta. Pumzi haimtoshi, anasema "mimi... mimi nipo naye". Shekhe akaenda moja kwa moja, marehemu ana deni lolote? Hapo dairekta angeweza kusema ukweli wote ukaisha. Sijui alichanganyikiwa au ni macho ya watu, akasema, "Hapana shekhe, hana deni, ila mimi ndiye nadaiwa naye." Shekhe, kiasi gani? Akataja kiasi.

Kiasi chenyewe siyo. Ametaja nusu.

Jamani kilichonitoka mdomoni sikukipanga. Nikasema humo humo ndani ya shuka, "Shekhe, hajasema na ya sini ya jana."

Sitaelezea kilichofuata chote. Safu ya mbele ilihama yote, kuna mzee aliruka ukuta ambao hata vijana hawauruki, na ndala zilizobaki pale zingetosha kufungulia duka. Aliyebaki ni shekhe peke yake, alirudi nyuma hatua moja akasoma alichosoma, akanifunua uso, akaona pamba, akaona naomba maji. Tulisemwa pale mpaka magharibi. Wazee walikuwa wakali kwelikweli na walikuwa na haki yao. Lakini shekhe kabla hajatuachia alisema deni limekirika mbele ya mashahidi, litoke. Dairekta akatoa, yote, na ya sini ya jana. Mimi ni katika wachache wa muvi ile waliolipwa hela kamili.

Picha ya tukio hakuna, kamera ilirekodi migongo ya watu na kofia.

Konda wa Kange
Chai hii. Ina maziwa na tangawizi.

Marehemu wa Ngamiani
Mkuu usinywe.

Binti Makorora
"Hajasema na ya sini ya jana" nimecheka mpaka mume wangu kaamka kuuliza kuna nini.

Ustadh wa Sahare
Mnacheka lakini si jambo la kuchekesha. Jeneza ni amana ya waislamu, watu wamechukua udhu wamejipanga kumuombea mtu, halafu mtu anaongea. Vichekesho vina mipaka. Kulikuwa na ulazima gani wa jeneza la kweli na mtaa wa watu? Si mngetumia ua wa nyumba?

Marehemu wa Ngamiani
Ustadh nakubaliana na wewe asilimia mia ila mimi sikuandika skripti, mimi nililala tu.

Ustadh wa Sahare
Ungekataa kulala.

Kijiti cha Mkonge
Ustadh na njaa ile angekataaje?

Afisa Mstaafu
Vijana, barua ya mwenyekiti wa mtaa ni hisani, siyo kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, kibali cha kurekodi ni Bodi ya Filamu, halafu unapita kwa afisa utamaduni wa jiji, halafu polisi kama unatumia barabara, ndiyo unamalizia kwa wenyeviti wa mitaa YOTE utakayopita. Mkifanya hivyo hamtaswaliwa.

Konda wa Kange
Mpaka umalize hivyo vibali steringi kashazeeka. Piga asubuhi na mapema mtaa umelala, kusanya vitu, sepa.

Afisa Mstaafu
Ndiyo hayo ya bajaji kukwama.

Popo wa Amboni
Mkienda mapangoni msibebe jenereta ndani, moshi. Sisi tuliacha nje waya ukawa mfupi, tukaigiza sini nzima kwa tochi za simu, na popo wakicharuka kila mtu anaigiza kukimbia bila kuambiwa.

Mshika Bumu
Marehemu umeuteka uzi wangu lakini sawa.

Nirudi kwenye lile la daftari. Mwanachuo anataka kila kitu kiandikwe, kwenye vichekesho mimi sikubali moja kwa moja. Ukitazama kazi za Mzee Majuto unaona kabisa kuna maneno hayakuandikwa na mtu, yametoka pale pale, na mwenzake usoni unaona anajizuia asicheke. Yule alianza kuigiza 1958 akiwa mtoto, hilo halifundishwi kwa wiki. Ila kwa mtu wa sauti ni mateso, mchekeshaji akitoka kwenye skripti anageuka upande usioutegemea, bumu liko kushoto yeye anaropokea kulia. Mimi nilikuwa namuomba mtu kitu kimoja tu, kabla hujaropoka nikonyeze.

Mwanachuo Bwagamoyo
Ndicho nilichokuwa nasema. Anayejua kuropoka ni yule anayejua alipotoka kwenye skripti na atarudi wapi. Wengine wanaropoka tu hawarudi, edita ndiye anakesha.

Kijiti cha Mkonge
Hapo umesema. Ya pweza bado lakini.

Edita Mnyonge
Edita anakesha na hakuna aliyemtaja mpaka sasa hivi. Nililetewa muvi ambayo steringi ana ndevu mlangoni, akiingia sebuleni hana. Nikauliza, nikaambiwa weka muziki.

Binti Makorora
Wakuu wenye uzoefu, mdogo wangu kaitwa kuigiza mwezi ujao, vichekesho, Pangani huko. Adai hela kabla au baada? Hajawahi.

Konda wa Kange
Kabla. Yote.

Edita Mnyonge
Akidai yote kabla hawamwiti tena. Nusu kabla, nusu siku ya mwisho, kabla hajavua nguo za lokesheni. Nguo ni zao, hawawezi kuondoka nazo yuko ndani yake.

Afisa Mstaafu
Mkataba wa maandishi, na aandikwe kama ni kwa muvi tu au na matangazo na kurushwa mtandaoni. Mwaka aliofariki Mzee Majuto, 2018, serikali iliunda kamati kupitia mikataba ya wasanii, si bure. Wengi walikuwa na sura nchi nzima, mfukoni hakuna.

Marehemu wa Ngamiani
Adai mbele ya shekhe.

Mama Masufuria
Wewe Marehemu hebu ngoja. Huyo dairekta wako ni mfupi, ana sauti ya kukwaruza, kila neno "sisi ni familia"?

Marehemu wa Ngamiani
Mama ndiye huyo huyo.

Mama Masufuria
Masufuria yangu anayo huyo. Yana alama ya rangi nyekundu chini. Huo msikiti ni upi, na shekhe bado yupo?