Mjadala: Mpelelezi asome chuoni kwanza, au kazi itamfundisha?

Mwenye mada, Isevya, Tabora

Wadau, tubishane bila matusi. Mimi nasema asikabidhiwe jalada la upelelezi mtu ambaye hajakaa darasani akasoma sheria ya ushahidi, mwenendo wa mashtaka na jinsi serikali yenyewe inavyoendeshwa. Depo ya Moshi, yaani shule ya polisi, inamtoa askari aliyekakamaa, sibishi. Ila gwaride ni gwaride na jalada ni jalada.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Nilivunjiwa kibanda usiku, na mwizi nilimwona kwa macho yangu, jirani niliyekua naye. Aliyeandika maelezo yangu kituoni aliandika "nilimtambua kwa mwanga wa taa", akanisogezea kalamu nisaini. Taa gani? Hakuuliza. Ilikuwa ya sola, imening'inia kwenye tawi la mwembe, hatua sita hivi kutoka niliposimama, na tulitazamana mpaka akaitupa nondo. Haya yote nikaja kuyasema mahakamani kwa mara ya kwanza. Wakili wa utetezi akaniuliza swali moja tu: mbona hayamo kwenye maelezo yako ya polisi? Jamaa akaachiwa.

Baadaye nikaambiwa kwamba Mahakama ya Rufani ilishalimaliza jambo hili mwaka 1980 kwenye shauri la Waziri Amani. Shahidi wa usiku lazima aeleze mwanga ulikuwaje, umbali, muda aliomwona mtu, na kama walifahamiana kabla. Zaidi ya miaka 40 imepita! Hilo ni somo la kipindi kimoja, kengele ikilia limekwisha.

Mzee wa Urambo

Umenena kijana wangu, ila usituzike tungali hai. Miaka ya 80 mimi nilikuwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, huku wengine wakituita wasalama. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, wanaume wote wanatoka na pinde zao. Ng'ombe aliyeibwa tulimfuata kwa unyayo mpaka zizi alikofichwa. Chuo gani kinafundisha unyayo?

Dada wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo mzee. Na wale waliochapwa mpaka wakakiri wizi ambao hawakuufanya? Sungusungu walishika doria miaka kadhaa kabla sheria haijawatambua, ilikuja kuwapa mamlaka ya kukamata mwaka 1989.

Mzee wa Urambo

Marahaba. La viboko sina la kulijibu hapa hadharani.

Dada wa Mwanga, Kigoma

Niseme na upande wangu. Nachapa nyaraka kwenye ofisi ya wakili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, na zikiisha muda unaongezwa kwa utaratibu wake. Kwa hiyo nikipokea maelezo ya onyo, yale ambayo mtuhumiwa anaandikiwa polisi, jicho langu linakwenda kwanza kwenye saa. Kuna moja nililolichapa: amekamatwa saa 9 alasiri, maelezo yameanza saa 3 asubuhi ya kesho yake. Mtu alitolewa kijiji cha kusini ziwani, boti ikasumbua, wakalala njiani. Sasa nasikia watu wakisema hapo tatizo ni mafuta na vyombo, si elimu.

Lakini muda wa safari hauhesabiwi kwenye zile saa 4! Ilihitajika sentensi moja: tuliondoka saa ngapi, tukafika saa ngapi. Hakuna aliyeiandika.

Mama wa Ujiji

Mnaongea vizuri, ada analipa nani? Mwanangu kamaliza kidato cha nne, anautaka upolisi. Nikamuulizia vyuo. Chuo cha mahakama kiko Lushoto, kutoka hapa Ujiji ni kuvuka nchi nzima. Cha karibu ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma pale Tabora, sisi wa zamani tunapaita Uhazili, na huko naambiwa atasoma utunzaji wa kumbukumbu na mambo ya utawala. Stashahada akianzia kidato cha nne ni miaka 3. Matangazo ya ajira za polisi yana ukomo wa umri, na hayamsubiri mtu. Akimaliza wasimchukue, cheti hicho nitafungia maandazi?

Mwenye mada, Isevya, Tabora

Mama, hapo umenibana na nakubali. Nilivyoianza mada nilikosea, mzazi asibebeshwe mzigo huu. Mtoto aajiriwe kwa kidato cha nne chake, apige doria, aongoze magari. Ila siku mwajiri anapotaka kumpa jalada, ampeleke shule kwa gharama ya serikali, mshahara unaingia. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, ilipendekeza hata kuwe na ofisi ya taifa ya upelelezi inayojitegemea. Sawa, lakini tukibadilisha kibao cha mlangoni na anayeuliza maswali ni yuleyule asiyeuliza taa gani, mimi kibanda changu kimepona wapi?

Na utunzaji wa kumbukumbu usiudharau, mama. Kesi ya dada hapo juu ilikosa hiyo tu.

Mzee wa Urambo

Na huyo jirani yako, mnaonana?

Mwenye mada, Isevya, Tabora

Kila siku, mzee. Jana kaja dukani kuomba kiberiti.

Mzee wa Urambo

Ukampa?

Mwenye mada, Isevya, Tabora

Nikampa.