Maswali ya utotoni: mama yuko Newala, nimwulizeje?

Wanakusini wenzangu, salaam.

Nina miaka 41, niko Leicester, Uingereza. Daktari alinipa ile karatasi ya maswali 10 ya usonji (autism). Ukipata 6 wanafikiria kukupeleka kwa wataalamu. Mimi nilipata 8. Sasa wataalamu wanataka mtu aliyenijua kabla sijaanza shule. Mama yuko Newala, Kiingereza hajui, na nilipomgusia tu kwa simu akaanza kulia: "Nani kakuloga huko?" Aliyepita njia hii anisaidie.

— Mdau wa Leicester

*

Kaka, pole.

Mimi ni wa Mikindani, mume wangu wa Masasi. Yeye ndiye aliyepimwa, na aliyehojiwa ni bibi yake, maana ndiye aliyemlea. Hilo lifikirie kwanza. Kwetu mtoto huzaliwa na huyu akalelewa na yule, na wao wanamtaka aliyekuona kila siku.

Tulikosea kumsomea bibi maswali kama yalivyoandikwa. "Alikuwa anawatazama watu machoni?" Bibi akakasirika: mtoto gani mwenye adabu anamkodolea mkubwa macho? "Alikuwa anapanga midoli mstari mmoja?" Midoli ipi, Masasi, miaka ya 80? Ikawa hapana juu ya hapana, na mtaalamu anaandika.

Tukaomba siku nyingine. Safari hii nikamwuliza mjukuu wake alikuwaje msimu wa korosho. Weee! Kumbe wenzake wakicheza chini ya mikorosho, yeye anapanga korosho kwa ukubwa, na mtu akisogeza moja ni kilio mpaka usiku. Ngoma za unyago zikilia anaziba masikio na kuingia uvunguni. Ming'oko, vile viazi pori vyetu, hali mpaka iwe imechemshwa na bibi mwenyewe, kwenye sufuria lile lile. Namba za magari yote yaliyopita barabara ya Mtwara alikuwa nazo kichwani. "Mie nilijua ana akili nyingi tu," bibi akasema. Na kweli anazo.

Lile la macho mweleze mtaalamu mapema, ajue kwetu ni heshima, asilihesabu vibaya upande wowote.

Usimtafsirie mama mwenyewe. Omba mkalimani, hulipii. Mimi nilitafsiri, na najijua, kila neno kali la bibi nililipiga msasa. Saa nazo zina mambo: majira ya joto Newala wako mbele yenu kwa saa 2, ya baridi kwa saa 3, na asubuhi mama yuko shambani. Kadi ya kliniki au ripoti za shule ya msingi zikipatikana, tuma picha. Zisipopatikana usikate tamaa, hata asiye na ndugu wa kuhojiwa hupimwa.

Neno usonji liweke pembeni kwanza. Mwambie ulizaliwa hivyo, hakuna aliyekutenda, unataka tu kujielewa. Ni kweli hali hii hutembea kwenye ukoo, lakini usianze na mifano! Mume wangu alimtaja mjomba wake, na kwa watu wetu unajua mjomba ni nani: ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Wiki mbili simu zilikuwa moto.

Kazini usingoje cheti. Sheria ya Usawa ya 2010 inaweza kukulinda hata kabla ya majibu, kwa hiyo kama kelele zinakumaliza, omba meza penye utulivu.

— Dada wa Mikindani

*

Dada, asante sana.

Nimempigia Jumapili. Sikutaja usonji, nimeuliza habari za mashine ya kusaga ya pale kwetu. Kaongea saa nzima. Anasema nilikuwa nakaa mlangoni nikitazama mkanda ukizunguka, na kuniondoa ilikuwa vita. Nimeandika yote.

Mwishoni akanyamaza, kisha akaniuliza kama ndiyo sababu nilikuwa nakataa mbeleko. Anasema majirani walimcheka, wakamwambia mtoto hamtaki.

Nimemwambia nitampigia tena kesho.