Mapro wa poka online wananimaliza kila wikiendi, sisi wa kujifurahisha tuwachezeje?

Shupaza_7:
Wakuu habari za jioni. Nacheza tonamenti za poka online mwaka wa pili huu, zile za kiingilio cha dola 5 na nusu (kama elfu kumi na nne hivi ya kwetu), Jumamosi na Jumapili basi, siku zingine kazi. Mwanzoni huwa naenda vizuri tu, nawala wenzangu wa kawaida, ila tukishabaki wachache meza inajaa watu ambao ukiwatafuta kwenye zile saiti za rekodi unakuta mtu kashacheza tonamenti elfu ishirini, na hapo ndo safari yangu inaishia.

Jana sasa. Blaindi (zile chipu za lazima ambazo watu wawili wanaweka kabla ya karata) ziko 500/1,000, mi niko blaindi kubwa nina chipu 24,000, nimepewa kingi na jeki za kopa. Jamaa aliyekaa kwenye dila (nafasi ya mgawaji, anaamua wa mwisho karata za mezani zikishafunguliwa) kapandisha 2,200, wengine wote wametupa, nikafuata. Flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ikaja jeki ya shupaza, saba ya shupaza, nne ya uru. Nikapita bila kuweka kitu, akaweka 1,900, nikafuata. Karata ya nne ikaja mbili ya pau, nikapita tena, akaweka 6,800, nikafuata huku moyo unanidunda. Ya tano: ree ya kopa. Jamaa akanisukumia zote, yani hizo 13,100 nilizobaki nazo. Nimekaa nayo mpaka saa imebaki sekunde mbili, nikatupa. Akanionyesha karata ya kumi na ya tisa, zote za shupaza. Hana kitu, hata jozi hana! Sikulala wakuu.

Sasa hawa watu unawachezaje? Maana nikifuata nakuta kweli ana karata, nikitupa nakuta kanidanganya. Wapi panapojulikana?

BabaNasra:
Pole sana mkuu ila kidonda chako hakipo hapo unapopashika. Hiyo ya mwisho tuimalize haraka. Poti (chipu zote zilizowekwa mezani) ilikuwa 23,300 akasukuma 13,100, kwa hiyo ulikuwa unaombwa 13,100 upate 36,400, ukiwa sahihi zaidi kidogo tu ya mara moja kati ya nne hujapoteza kitu. Ila hata ukijua hesabu hiyo, ree ikitokea pale inamsaidia yeye kuliko wewe, maana wewe ukiwa na ree na karata nyingine kubwa kwenye blaindi ungekuwa umeshampandishia kabla ya flopu na yeye analijua hilo. Ameona mlango uko wazi kaingia. Ndo kazi yake.

Kosa ni kwamba umekaa nae mpaka karata ya tano. Pro hakuzidi sana kabla ya flopu, pale hesabu ni fupi na hata wewe ukikaa na jedwali la karata wiki mbili unalishika. Anakuzidi flopu, anakuzidi zaidi ya nne, na ya tano ndo anakuvua viatu kabisa. Kila karata inayofunguliwa ni swali jipya na yeye maswali hayo kashayajibu mara laki moja. Sasa we kwa nini ukubali kufanya mtihani wa maswali manne na mwalimu wakati unaweza kufanya wa swali moja?

Fupisha mchezo. Kabla hujafuata ile 2,200, kwenye poti tayari kulikuwa na 4,700 (blaindi mbili, ile ante, yani mchango wa lazima wa meza nzima, jumla 1,000, na yake). Ukisukuma 24,000 zote pale pale mpira uko kwake, atupe au afuate, ujanja wake wote unabaki mfukoni. Mtu wa dila anapandisha na karata za kila aina, nyingi atatupa, na we umeongeza karibu moja ya tano ya mzigo wako bila kuona flopu. Akikufuata na jozi ya kumi bado una kama asilimia 45. Huyo mwenye kumi na tisa angetupa usingizini.

Na hili silitungi mimi. David Sklansky, mmoja wa wazee wa nadharia ya poka, alishawahi kumtengenezea mtu asiyejua mchezo mfumo wa namna hii wa kwenda kwenye tonamenti kubwa: ama unasukuma zote ama unatupa, hakuna katikati. Wazo ni kwamba pro hawezi kukuchezea kitu ambacho hakipo.

Msee_wa_Nai:
Baba Nasra heshima yako lakini hapo kwa 24,000 sikubali. Blaindi kubwa 24 (hizo 24,000 ukigawa kwa 1,000) ni nyingi manze, unahatarisha zote ili ushinde nne na kitu, halafu yule wa kukufuata ndiye yule mwenye ree-kingi na jozi za kutisha. Mimi hiyo ya kusukuma kabla ya flopu juu ya mtu aliyepandisha naifanya nikiwa na 18 kushuka, na nikiwa wa kwanza kuingia nikiwa na kumi na kitu hivi nasukuma bila kuuliza mtu. Juu ya hapo kufuata na kingi-jeki za kopa si makosa.

Makosa ni flopu buda. Umepata jozi ya juu, meza ina shupaza mbili, ameweka 1,900, poti imefika 7,800, wewe umebaki na 21,800. Sukuma HAPO. Sio kwa sababu atatupa, pengine angefuata, kumi na tisa za shupaza zina karata 12 za kumwokoa (shupaza tisa za kufikisha tano za aina moja, na karata tatu zingine za nane za kuunga saba mpaka jeki) so ana karibu asilimia 45. Lakini wewe uko mbele, pesa imeingia ukiwa mbele, na hakuna tena karata ya tano ya kukutoa jasho. Point ya Baba Nasra ya kufupisha mchezo naikubali mia kwa mia, ni pa kufupishia tu ndo tunatofautiana.

Kitu kingine, wacha kumblafu pro, yaani kujifanya una karata nzuri. Nimeona wasee wakitazama video za wakubwa halafu wanaenda kujaribu kwa tonamenti ya dola tano. Pro anajua mtu wa kawaida akipandisha kwenye karata ya tano huwa anazo, so siku ukiwa nazo atatupa na hutalipwa, sawa, lakini hiyo pia ni silaha, unaweza kumblafu hapo mara moja kwa mwaka si kila saa.

BabaNasra:
Flopu nakubali, ni sawa pia. Ila huyu mkuu swali lake ni la mtu anayeogopa, na mtu anayeogopa akishaiona flopu hasukumi, anafuata fuata kama alivyofanya. Ndo maana nikasema amalize mapema.

Mmatumbi_Ughaibuni:
Nawasoma toka huku kwenye baridi. Mnabishana kuhusu karata lakini swali la kwanza ni kwa nini unakaa meza moja na hao watu. Poka ndo mchezo pekee unaochagua mwenyewe uumizwe na nani.

Watu wengi tuliingia huku kwa hadithi ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, 2003 kalipa dola 86 kwenye kitonamenti cha mtandaoni akapata nafasi ya mashindano makubwa ya Las Vegas ya kiingilio cha dola elfu kumi, watu 839, akabeba dola milioni 2.5. Mbele ya Sam Farha alisukuma zote na kingi-saba isiyo na kitu, Farha ana jozi ya tisa, akatupa. Hadithi tamu sana, ila ile ilikuwa enzi ambayo hata mapro wengi walikuwa wanacheza kwa hisia. Leo kijana wa pro ana solva kwenye kompyuta inayompa jibu la kila hali, anashinda mchana kutwa anaikariri kama mtoto wa madrasa. 2019 programu ya Pluribus ya Carnegie Mellon na Facebook ikawapiga mapro wenyewe kwenye meza za watu sita. Hiyo mbio huiwezi kwa wikiendi mbili.

Unachoweza: moja, cheza Jumapili jioni ya Ulaya, ndo siku watu wa kawaida wanajaa, siku ya Jumanne saa nane usiku waliobaki macho ni wenye njaa. Pili, ingia tonamenti ikianza tu, maana mapro wengi wanachelewa makusudi kuingia, kwa hiyo masaa ya mwanzo unacheza na samaki wenzio (ndo wanavyotuita, tusikasirike). Kusanya chipu hapo kwa kusubiri karata nzuri na kulipwa nazo. Tatu, epuka zenye meza chache na viingilio vikubwa hata ukishinda tiketi ya kuingilia.

Halafu kumbuka huyo pro hakuwazii wewe. Ana meza kumi na mbili kwenye skrini, kuna saiti zinaruhusu programu inayomwonyesha namba juu ya jina lako, unaingia poti asilimia ngapi, unatupa mara ngapi ukisukumwa, na anabonyeza kufuatana na namba hiyo. Saiti zingine zimepiga marufuku hivyo vitu, kacheze huko. Na kama umecheza miezi sita unatupa tupa, namba zako zinamwambia huyu anatupa, basi siku utakayoanza kusukuma atachelewa kugundua umebadilika. Kula hapo.

dada_Kopa:
Mimi naongezea la pesa na usingizi maana wanaume hamlisemi. Hiyo Jumapili jioni ya Ulaya kwetu inaanza saa tatu usiku, ikienda vizuri mnafika meza ya mwisho saa kumi na moja alfajiri na Jumatatu kuna kazi. Pro kalala mchana, wewe umetoka kanisani, umepika, umeosha watoto. Nilishawahi kutupa jozi ya kingi saa kumi usiku kwa sababu nilibonyeza kitufe nikisinzia, bundle nayo inaelekea kuisha. Siku hizi nacheza zile fupi fupi ambazo blaindi zinapanda kila dakika tano, zinaisha kabla ya saa sita, na kumbe zinatusaidia sisi maana chipu zinakuwa chache haraka na mchezo unakuwa huo huo wa Baba Nasra wa kusukuma au kutupa. Ubaya bahati inakuwa kubwa, ila bahati kubwa ni rafiki wa mnyonge.

Pesa: kwenye hiyo dola 5.50 senti 50 ni ya nyumba kabla hujaona karata. Wanaolipwa ni kama 15 kwa kila 100, na wa chini kabisa wanarudishiwa kama mara mbili ya kiingilio. Kwa hiyo ukikosa mara ishirini mfululizo wala hujalogwa. Mimi nina viingilio mia pembeni, vikishuka hamsini nahamia za dola 2. Ya ada na ya kodi haiguswi.

Shupaza_7:
Ahsanteni sana, dada ya bundle umenichekesha ila ndo ukweli. Nimeprinti jedwali la kusukuma (linaloonyesha usukume na karata zipi ukiwa na blaindi ngapi) nimebandika ukutani juu ya meza, mke wangu anauliza ni ratiba ya nini. Jumapili nitaleta mrejesho.

Shupaza_7:
Mrejesho wakuu. Nimesukuma mara tano, tatu wametupa wote (raha yake!!), ya nne nina jozi ya nane pro akafuata na ree-kingi, nane zikasimama. Nikafika mpaka karibu na malipo, yalikuwa yanaanzia mtu wa 180, nimetoka wa 203. Nilikuwa nimebaki na blaindi 6 nikasukuma ya tano na malkia-kumi, haikwenda.

BabaNasra:
Safi sana. Ila sita? Kabla ya hapo ulikuwa na ngapi?

Shupaza_7:
13. Nikapata ree-tisa niko kwenye dila, wote wametupa mpaka kwangu, ila yule wa blaindi kubwa ana bendera ya Brazil na rekodi ndefu nikasema ngoja nimpishe tukishavuka malipo ndo nianze.

Msee_wa_Nai:
Ree-tisa. Kwa dila. Na 13. Halafu ukampisha mtu ambaye hata karata zake hajaangalia.

Shupaza_7:
Jedwali lilikuwa linasema sukuma, nimekuja kuliangalia baadae.

BabaNasra:
Lihamishe. Litoe ukutani bandika kwenye kioo cha laptop.